Raia wa Kuzaliwa

Nyumbani, tarehe 3 Februari

Kwako Kitinda, binti yangu wa mwisho,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na mpaka sasa sijaketi. Naandika juu ya kabati la vyombo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa sijui mtu anayetaka kuukana uraia wake anaamkia wazee wa wapi.

Unajua kwenye simu hatuelewani, kwa kuwa masikio yangu yaliliwa na ngoma kubwa ya bendi. Basi mtu wa posta aliponiletea bahasha nene yenye mwandiko wako, nilifurahi kama mtoto. Niliifungua pale pale kwa fundi viatu, mbele ya wenzangu, ili waone kwamba Mzee Besi hajasahauliwa na watoto wake. Ndani nikakuta fomu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: OMBI LA KUUKANA URAIA. Chini umeweka alama kwa kalamu ya risasi: "Baba saini hapa." Hata tafadhali hukuweka.

Nikaikunja haraka kabla fundi viatu hajavaa miwani yake. Akaniuliza, "Vipi Mzee Besi, msiba?" Nikamwambia hapana, ni picha za harusi ya mtu. Umri huu umenifanya niseme uongo kwa fundi viatu!

Kitinda, mimi nimepuliza tarumbeta la besi kwenye bendi ya polisi miaka thelathini na sita. Nimepiga wimbo wa taifa mvua ikinimiminikia shingoni. Nimeupiga nina homa ya digrii arobaini. Siku mama yako anakuzaa wewe nilikuwa uwanjani naupiga, na habari zako nililetewa na dereva baada ya gwaride. Sasa unaniletea karatasi niweke sahihi kwamba wimbo ule haukuhusu.

Kwenu nyie watoto wa siku hizi nchi ni nyumba ya kupanga. Maji yakikatika siku mbili, mnahamia mtaa wa pili. Juzi nilienda uwanjani, wimbo unapigwa, vijana wawili mbele yangu wamekaa wanapiga picha viatu vyao vipya. Wala si nyuso zao, ni viatu! Nikawaambia simameni. Mmoja akaniambia, "Mzee, punguza presha." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, au iwameze wao.

Na wewe picha zako nimeziona. Gari lile. Kochi jeupe ambalo mtu mwenye akili hawezi kulikalia. Friji ya milango miwili, kana kwamba unalisha kambi. Kumbe ndiyo bei ya nchi siku hizi, friji. Mkataa kwao mtumwa, wahenga hawakukosea.

Nakuuliza swali moja, unijibu kama mtu mzima: ulikosa nini hapa?

Baba yako,
Mzee Besi


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Baba,

Keti kwanza. Miguu yako si ya kusimama mbele ya kabati.

Sikutegemea pongezi, lakini sikutegemea pia kuitwa mtumwa. Nilisoma barua yako kazini, nikaduwaa mpaka plasta ikaganda kwenye bakuli. Ilikuwa ya kuchukulia umbo la taya la bibi mmoja anayetaka meno mapya kabla ya harusi ya mjukuu wake. Ilibidi nianze upya.

Unasema sisi tunapenda vitu. Baba, kochi la sebuleni kwetu lilikaa na nailoni yake miaka minane. Tulikaa sakafuni tunalitazama. Viatu vyako vya gwaride vilikuwa na kabati lao peke yao, na sisi watoto wanne tuligawana sanduku moja. Kaka alichapwa kwa kugusa brashi yako ya viatu. Kuigusa tu, hakuipoteza! Sasa mwenye tamaa ya vitu ni nani, mimi ninayelikalia kochi langu au wewe uliyelifunika la kwako?

Umeniuliza nilikosa nini. Nilipomaliza chuo nikiwa na cheti cha ufundi wa meno bandia, nilipeleka maombi sehemu kumi na moja. Kila mahali swali lilikuwa moja: "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikasema mimi ni mtoto wa mpiga besi. Wakatabasamu, wakasema watanipigia. Simu hiyo naisubiri mpaka leo. Hapa hakuna anayeniuliza mimi ni wa nani. Wanauliza kama meno yamekaa sawa mdomoni. Yakikaa, kesho wananiita tena.

Na wale vijana wa viatu, usiwalaani sana. Walikuwa na mahali pengine pa kwenda siku ile wakaja uwanjani. Hujui wanaipenda nchi kiasi gani kwa kutazama tu jinsi walivyokaa. Kama kusimama ndiyo kuipenda, basi hata nguzo za umeme ni wazalendo.

Sababu yangu ni ya kawaida. Nataka kazi ya uhakika na nyumba yangu. Sina nyingine. Nchi hii haikubali mtu awe na uraia wa nchi mbili, na yetu vilevile haikubali. Hapa wamenikubalia, lakini siwezi kula kiapo mpaka nilete cheti kutoka huko kwamba nimeuacha wa kwanza. Muda nilionao ni mpaka mwisho wa mwaka, baada ya hapo ombi linafutwa. Fomu inataka sahihi ya mzazi. Mzazi niliyebaki naye ni wewe.

Tafadhali. Hiyo nimeiweka sasa.

Binti yako,
Kitinda


Nyumbani, tarehe 12 Machi

Kitinda,

Nguzo za umeme! Mdomo huo umeutoa kwa shangazi yako, mimi simo.

Mambo ya kochi na viatu nimeyasoma. Sitayajibu. Kile kilikuwa kiatu cha serikali.

Nitasema jambo moja ambalo nimelimeza miaka miwili. Mama yako alipofariki tulikusubiri siku tatu. Shangazi yako alikuwa akienda barabarani kila gari likipita. Siku ya nne tukazika. Wewe ukaleta shada la maua kubwa kuliko jeneza, limeandikwa jina la duka, likabebwa na mtu asiyemjua marehemu. Ukasema kazi zimekubana. Siku ile nilijua kwamba umeshahama moyoni, hii fomu ni mhuri tu. Ndiyo maana sijashangaa kama ninavyojifanya kushangaa. Nimeumia.

Haya, nimesaini. Sitaki kuambiwa nilimzuia mtu kupata friji ya tatu.

Lakini fomu yenyewe iliomba jina, sahihi na tarehe, nikaona haitoshi. Nikachukua karatasi ya mistari nikaandika ukurasa mzima kwa mkono wangu, nikaubana hapo nyuma. Nimeandika shule ya msingi niliyosoma, mwaka nilioingia bendi na namba yangu ya kazi. Nimeandika kwamba mimi ni raia wa kuzaliwa, na baba yangu alikuwa raia wa kuzaliwa, ili afisa atakayegonga mhuri ajue binti huyu anatupa kitu cha namna gani. Nikamalizia kwa kuwaambia kwamba kama wanadhani natania, wakafungue mafaili yao wahakikishe.

Nimeipeleka mwenyewe posta kuu kwa miguu. Karani aliuliza kama ni ya haraka, nikamwambia ndiyo, ni ya aibu.

Baba yako


Tarehe 30 Aprili

Baba,

Wamehakikisha.

Sijui nianze wapi. Barua imekuja jana kutoka ofisi ya uraia huko nyumbani. Nakunukulia: "Ombi lako la kuukana uraia haliwezi kushughulikiwa, kwa kuwa kumbukumbu hazionyeshi kwamba mwombaji amewahi kuwa raia."

Niliisoma mara sita. Mara ya tatu nikacheka. Mara ya sita nikatapika kwenye sinki la kuoshea vifaa.

Wameeleza kila kitu, wana adabu sana wakitaka kukumaliza. Wanasema walisoma maelezo ya ziada ya mzazi, wakafuatilia shule ya msingi aliyoitaja. Rejista ya shule ipo. Mbele ya jina lako mwalimu aliandika kwa mkono mahali ulipozaliwa, na mahali hapo ni ng'ambo ya mto, nchi ya pili. Hawakuona popote kwamba uliwahi kuandikishwa kuwa raia. Na kwa sheria ya wakati nilipozaliwa, mtoto alifuata uraia wa baba peke yake, wa mama haukuhesabiwa. Kwa hiyo mimi si raia. Kaka zangu watatu si raia, na nadhani hawajui. Pasipoti yangu wanataka niirudishe.

Naomba unielewe nilipokwama. Siwezi kuukana uraia ambao sina. Na hapa hawawezi kuniapisha bila cheti cha kuukana. Nilikwenda kuwaeleza, yule mama wa dirishani akanitazama kama mtu aliyeleta ushahidi kwamba hajazaliwa. Leo hii, Baba, mimi si mtu wa popote. Uliniita mpangaji, kumbe sijawahi hata kuwa na chumba.

Niambie ni makosa ya karani. Niambie mwalimu yule alikuwa mlevi. Ukisema hivyo nitakuamini, na nitapigana nao mpaka mwisho.

Au niambie ulijua.

Kitinda


Tarehe 18 Mei

Kwa binti wa mdogo wangu,

Ni mimi shangazi yako. Usisubiri barua ya baba yako kwa sasa, ndiyo maana naandika mimi, na mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Barua yako ilipofika nilikuwa namenya viazi. Nikasikia kitu kimeanguka sebuleni, nikadhani ni redio. Ni yeye. Hajaumia, alikaa tu sakafuni ghafla, mtu mzima, barua mkononi. Tangu siku hiyo anakunywa chai peke yake. Kwa fundi viatu haendi. Ameteremsha ile picha ya bendi ukutani, ameiweka uso chini juu ya kabati, na nikiirudisha anaiteremsha tena. Hatusemezani, tunahamisha picha.

Sasa sikiliza. Alijua. Mimi pia nilijua, kwa sababu mgongo uliomvusha ni huu wangu. Nilikuwa na miaka tisa, yeye ana miezi minne, mzito kama gunia la mahindi. Baba yetu alikuwa amekufa mwaka ule wa njaa, tukamzika, mama akasema twendeni kwa dada yake. Dada yake alikuwa upande huu wa mto. Tulivuka maji yakiwa magotini kwangu. Usidhani palikuwa na askari au kizuizi. Ulikuwa mto tu, watu wanafua nguo pande zote mbili na kusalimiana. Hakuna aliyetuambia kwamba tumehama nchi.

Mama alipompeleka shule akasema kweli, mwalimu akaandika kweli. Hakuna aliyejua itakuja kuwa kesi. Halafu akiwa na miaka kumi na tisa akaenda kwenye usaili wa bendi. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni aliulizwa amezaliwa wapi, akasema ng'ambo, akaambiwa atoke. Na kijana yule alipuliza vizuri kuliko mdogo wangu, mdogo wangu mwenyewe aliniambia. Zamu yake ilipofika akataja kijiji cha upande huu. Neno moja tu. Basi, akapewa tarumbeta.

Miaka hamsini amekaa na neno hilo. Ulikuwa hujiulizi kwa nini bendera ikipita anasimama hata akiwa na sabuni mwilini? Usije ukasema mapenzi yake yalikuwa ya uongo. Yalianza kwa woga, kisha woga ukazeeka ukawa mapenzi. Mimi nimemwona.

Nimekwenda ile ofisi mwenyewe, sikumwambia. Njia ipo. Aende kwa miguu yake, aseme ukweli, aandikishwe, ale kiapo. Akishaapa, watoto waliozaliwa hapa wakati yuko kazini serikalini wanahesabiwa raia tangu siku waliyozaliwa. Hapo ndipo na wewe utapata hicho unachotaka kukitupa. Lakini mwenye kuamua ni afisa, na anaweza pia kumshitaki kwa uongo wa zamani. Hilo hawakunificha.

Nilipomwambia alinifokea, akasema bora afe raia wa uongo kuliko kuishi mgeni wa kweli. Anaogopa kuchekwa na watu kuliko anavyoogopa jela. Mwandikie wewe. Usimwandikie kwa hasira.

Mimi usinihofie. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza natoka wapi, wananiuliza viazi bei gani.

Shangazi yako


Tarehe 6 Juni

Baba yangu,

Shangazi ameniambia nisikuandikie kwa hasira. Nimejaribu mara tatu, karatasi tatu ziko kwenye pipa. Hii ya nne ina hasira kidogo, nisamehe.

Uliniita mtumwa huku unajua. Ulikuwa pale mbele ya kabati, umesimama kwa uzalendo, ukaniandikia mambo ya mkataa kwao, na wewe unajua! Kila nikikumbuka nashikwa na butwaa upya. Wale vijana wa uwanjani uliwafokea wasimame kwa ajili ya wimbo ambao wao walikuwa na haki ya kuukalia na wewe hukuwa na haki hata ya kuusimamia. Hapo nimemaliza hasira yangu.

Sasa zamu yangu, maana na mimi nilikudanganya. Nilisema sina sababu nyingine.

Mama alipofariki nilikata tiketi usiku uleule. Nilifika uwanja wa ndege na begi moja. Kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kimekwisha muda, kipya kilikuwa bado kwenye foleni. Afisa wa pale akakitazama akaniambia kwa upole kabisa, "Kutoka unaweza. Kurudi huwezi." Nikakaa kwenye benchi. Ndege ikaita abiria, ikaita tena, ikaita jina langu kwenye kipaza sauti, walilitamka vibaya. Miaka saba ya kazi iko upande mmoja, Mama yuko upande mwingine, na yeye hawezi tena kunisubiri wala kunikasirikia. Nikabaki. Hakuna aliyenizuia, Baba. Mlango ulikuwa wazi, mimi ndiye niliyekaa.

Shada lile nililiagiza nikiwa palepale kwenye benchi. Nilichagua kubwa kuliko yote kwa sababu niliona aibu. Wiki ile ile nikanunua kochi jeupe. Mpaka leo sijui kwa nini nilitaka kitu kikubwa na kisafi ndani ya nyumba. Unasema tunapenda vitu. Pengine ni kweli, lakini vingine tunavinunua ili tuwe na mahali pa kuweka macho.

Sikukwambia kwa sababu niliona heri unidhanie nina kazi nyingi kuliko ujue kwamba nilichagua.

Ndiyo maana nautaka uraia wa hapa. Mwenye uraia wa hapa anatoka na kurudi apendavyo. Nauacha uraia wa kwetu ili niweze kuja kwetu. Nikiliandika hivi naona ni wazimu, lakini hakuna njia nyingine niliyopewa. Sijaona kaburi la mama yangu. Sijui hata limeelekea wapi.

Basi nakuomba jambo ambalo sidhani kama kuna mtoto amewahi kumwomba baba yake. Nakuomba uwe raia, Baba, ili mimi niache kuwa. Uende pale ofisini useme neno la kweli mahali uliposema lile lingine. Najua wanaweza kukushitaki. Najua fundi viatu atajua. Ukikataa sitakulaumu. Nitabaki hapa nilipo, sitatoka, kwa kuwa nikitoka hakuna nchi yenye wajibu wa kunifungulia mlango. Na wewe una miaka sabini. Umenielewa.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 2 Septemba

Mwanangu Kitinda,

Jana nimeapa.

Nisamehe kimya cha miezi mitatu. Barua yako niliisoma, nikamwomba shangazi yako anisomee kwa sauti, kwa sababu sikuamini macho yangu. Alipofika pale kwenye benchi aliiweka barua mezani, akaenda jikoni, akarudi akamalizia. Mimi nilikushitaki kwa shada lile miaka miwili. Nilikushitaki kwa majirani. Nilikushitaki hata kwa mama yako, pale kaburini, kwa mdomo wangu huu. Kesho yake nikaenda nikamwomba radhi, yeye kwanza, na sasa naomba kwako.

Kisha nikanyoosha shati nikaenda ofisini. Nilijiandaa kwa pingu, mwanangu, sikutanii. Nilivaa soksi mbili mbili kwa sababu nimesikia mahabusu kuna baridi. Nikamkuta kijana mmoja anakunywa chai, shati limebana, simu mbili mezani. Nikasimama nikasema, "Nimekuja kukiri." Akasema, "Keti, mzee." Nikasema neno langu la miaka hamsini. Nilidhani dari litaanguka. Kijana akauliza, "Mto upi?" Nikamwambia. Akaandika kwa vidole viwili, akasema watu wa namna yangu wana foleni yao ghorofa ya pili, nipeleke picha nne. Chai yake ilikuwa bado inafuka! Nilishuka ngazi nimeshikilia ukuta. Nimeishi na hofu ile muda mrefu kuliko nilivyoishi na mama yako, na haikufika hata nusu kikombe.

Kuhusu kunishitaki, wamesema hawaoni faida. Kaka zako nimewaambia wote watatu kwa siku moja. Wa kwanza hajanipigia tena, anahitaji muda. Fundi viatu nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Aliacha kupiga msumari, akaniuliza kama ile foleni ya ghorofa ya pili inaenda haraka. Sikuuliza anauliza kwa ajili ya nani.

Sasa ya jana. Tulikuwa watu ishirini na mbili ukumbini. Mimi ndiye mzee peke yangu, waliobaki ni vijana, wafanyabiashara, akina mama wana watoto mapajani. Pembeni yangu aliketi msichana anayeuza viatu vya mitumba, kucha ndefu kama vijiko, simu ina ganda la dhahabu. Unajua ningemsema nini mwezi wa pili. Aliniambia amesubiri siku hii miaka sita.

Kabla ya kiapo kila mmoja anaimba ubeti mmoja wa wimbo wa taifa mbele ya afisa. Nikacheka moyoni. Wimbo huo mimi! Nikaitwa, nikasimama wima, nikafungua mdomo, nikashtuka. Sijui maneno. Kitinda, miaka thelathini na sita nilikuwa na bomba la shaba mdomoni, sijawahi kuuimba hata siku moja. Hata sauti yake ya juu siijui vizuri, mimi nilikuwa chini huko na besi. Ikanitoka kama ilivyo: pom, pom, pom-pom. Afisa akatazama jina langu, akatazama karatasi. Nilihisi jasho linateremka mpaka kwenye soksi. Ndipo yule msichana, bila kugeuza shingo, akaanza kuninong'oneza, neno kwa neno, na mimi namfuata nyuma kama kipofu. Ubeti wote. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipomaliza akasema polepole, "Pole, babu, hata mimi neno la pili linanichanganya." Halikumchanganya, alinisitiri tu.

Halafu kiapo. Sentensi ya kwanza ni ya kuahidi utii, niliisema kwa sauti ya gwaride. Ya pili sikuwa nimeisoma, nilidhani naijua. Inasema: naikana nchi niliyokuwa raia wake kabla ya leo. Na hapo pana mstari, na juu ya mstari wamekuandikia jina lake kwa wino.

Mwanangu, nchi hiyo sijawahi kuiona. Nilitoka nikiwa mgongoni. Sijui hata mvua yao inanyesha mwezi gani. Lakini baba yangu amelala huko, peke yake, hakuna mtu wake aliyebaki upande ule. Na mama alipokuwa akiniogesha aliniimbia kwa lugha yao. Nilikuwa nimeusahau ule wimbo kabisa, ukanijia pale pale mbele ya kipaza sauti. Nikafika kwenye jina, ulimi ukagoma. Afisa akasema, "Endelea, mzee, wenzako wanasubiri." Nikaangalia lile jina. Nikaona namwacha mtu barabarani.

Nikalia. Mbele za watu, mimi Mzee Besi, niliyekuandikia mambo ya friji. Siku zote nilidhani mtu anaikana nchi kwa sababu haipendi.

Kisha nikaisema. Wakapiga makofi.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya cheti changu, barua ya ofisi kwamba wewe ni raia tangu ulipozaliwa, na fomu yako mpya. Nimeweka sahihi. Muda wako haujaisha, nimehesabu.

Siku yako ikifika watakupa sentensi ya namna ileile, na juu ya mstari patakuwa na jina la kwetu. Usiikimbize kama unapita mahali pa hatari. Likikukwama, waache wasubiri. Ukilia, lia, wao wamezoea. Halafu lisome lote mpaka mwisho, kwa sauti, uje nyumbani.

Baba yako